Ampilifaya Iliyoundwa na Fundi: Ulinzi Ambao Mtumiaji Anapaswa Kuudai

Katika miji ya Mbeya na Iringa, na katika miji midogo iliyo kando ya barabara kuu inayoiunganisha, kama vile Mafinga, Makambako na Chimala, si jambo geni kumkuta fundi wa redio akiunda ampilifaya kwa mikono yake mwenyewe. Transfoma ameitoa katika chombo kilichokufa, sanduku amelikunja kwa bati, bodi ameinunua au ameichora mwenyewe, na spika mteja amekuja nazo. Kazi ikikamilika, chombo hicho huenda kanisani, ukumbini, au sebuleni kwa mtu aliyechoshwa na vyombo vya dukani vinavyokufa baada ya miezi michache na visivyo na vipuri.

Hatuoni sababu ya kumkataza mtumiaji asinunue chombo cha namna hiyo. Ampilifaya iliyoundwa na fundi mwaminifu inatengenezeka, na fundi mwenyewe anapatikana. Lakini mteja anapokwenda kuipokea hufanya jambo moja tu: huomba iwashwe, husikiliza besi, huridhika, hulipa. Sauti ni sehemu ambayo fundi hawezi kuificha ikiwa mbaya. Inayofichika ni ile sehemu isiyotoa sauti kabisa, yaani saketi ya kuongoza na kulinda, na hiyo ndiyo tunayoizungumzia katika somo hili.

Tuchukue mfano. Kwaya moja nje kidogo ya Tukuyu imejichangisha na kuagiza ampilifaya. Ni Jumapili ya mvua, na sakafu ya saruji ina unyevu wa viatu vya waumini. Mwimbaji ameshika maikrofoni ya chuma. Ndani ya sanduku, waya mmoja wa umeme ambao haukufungwa vizuri umechomoka kutokana na mitikisiko ya safari na sasa umelala juu ya bati. Ikiwa sanduku limeunganishwa na ardhi ipasavyo, fyuzi hukatika papo hapo na ibada huendelea bila muziki. Ikiwa halikuunganishwa, sanduku zima, pamoja na waya wa maikrofoni uliofungwa humo, hubeba volti 230 kimya kimya. Muziki unaendelea kupiga. Hakuna anayejua lolote mpaka mtu mmoja mwenye miguu iliyolowa awe yeye ndiye njia ya umeme kwenda ardhini.

Tofauti ya gharama kati ya masanduku hayo mawili ni waya mmoja wa kijani na manjano, parafujo moja, na fyuzi sahihi.

Umeme unapoingia

Ulinzi huanza pale waya wa umeme unapoingia ndani ya sanduku. Waya huo upite katika mpira unaouzuia usikatwe na ukingo wa bati, na ubanwe ili ukivutwa usichomoke. Waya wa ardhi ufungwe kwenye bati kwa parafujo yake peke yake, si ile inayoshikilia transfoma, na rangi ya bati ikwanguliwe kwanza, kwa kuwa rangi huzuia umeme kupita. Waya wenye umeme uende kwanza kwenye fyuzi, kisha kwenye swichi. Fundi akikosea na kuiweka fyuzi kwenye waya wa nyutro, basi siku fyuzi itakapokatika chombo kitanyamaza kama kilichokufa, kumbe ndani bado kina volti 230 zinazomsubiri anayekifungua.

Juu ya ukubwa wa fyuzi kuna kutoelewana kwingi. Ampilifaya inayokula wati 200 kutoka umeme wa volti 230 huvuta chini kidogo ya ampea 1. Fyuzi yake ya ndani inapaswa kuwa ya ampea 1.6 au 2, ya aina inayochelewa kidogo kukatika ili isiungue kila chombo kinapowashwa. Watumiaji wengi hutuambia kwamba plagi yao ya miguu mitatu tayari ina fyuzi. Ni kweli, lakini mara nyingi fyuzi hiyo ni ya ampea 13, nayo huruhusu karibu wati 3,000 kupita bila kukatika. Kazi yake ni kuulinda waya usiungue ukutani. Transfoma ya wati 200 inaweza kuungua hadi ikawa mkaa na fyuzi hiyo ikabaki nzima. Na yule anayefunga uzi wa shaba mahali pa fyuzi iliyokatika hajatengeneza chombo, ameondoa mlinzi mlangoni.

Transfoma kubwa ina tabia nyingine ambayo mtumiaji huiona bila kuielewa. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde inapowashwa huvuta umeme mwingi mara nyingi kuliko kawaida yake, na kapasita tupu zilizo nyuma yake huongeza njaa hiyo. Ndiyo maana taa za nyumba hupepesa. Fundi mzuri huweka resista katika njia ya umeme, na baada ya sekunde moja au mbili rilei huiruka resista hiyo na kuupitisha umeme moja kwa moja. Lakini rilei nayo huharibika. Ikikataa kufunga, resista hubeba mzigo wote, huwa nyekundu, na inaweza kuwasha ubao ulio karibu nayo. Kwa hiyo iambatane na fyuzi ya joto, inayokata umeme resista inapopata moto kupita kiasi. Muulize fundi wako: rilei hii ikifa, nini kitatokea? Anayejibu bila kusita amekwisha kulifikiria jambo hilo kabla yako.

Vyombo vya vali

Ampilifaya nyingi zinazoundwa leo hutumia transista. Zipo hata hivyo zinazotumia vali, vile vichupa vya kioo vyenye uzi unaowaka ndani. Wapiga gitaa huzipenda kwa sauti yake, na wapenda redio wa ridhaa huzitumia kuongeza nguvu ya mawimbi. Aidha, zipo nyumba ambazo zimehifadhi redio za mababu. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio za majumbani zilikuwa za vali, na nyingine zingali zinangoja juu ya kabati siku ambayo mjukuu atazichomeka ukutani. Tunamwomba asifanye hivyo. Kapasita za umri huo hukauka na kupiga shoti, na baadhi ya redio hizo ziliundwa bila transfoma ya kutenganisha umeme, hivyo chasisi yake hushikana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kinachomkinga mtumiaji ni boksi la mbao na vitufe vya plastiki tu. Kitufe kikivunjika, kile chuma kidogo kinachobaki kinaweza kuwa na volti 230.

Chombo cha vali hudai nidhamu ambayo cha transista hakiidai. Vali ina uzi wa kuipasha joto, mara nyingi wa volti 6.3, na ina volti kubwa kwenye anodi: mia mbili, mia nne, na katika mitambo mikubwa ya kuongeza nguvu ya redio volti 2,000 au 3,000. Uzi utangulie kupata moto, volti kubwa zifuate. Kwa vali ndogo za sauti, sekunde 30 hadi dakika moja zinatosha, na tunakiri kwamba wako mafundi wazoefu wanaosema vali hizo huvumilia hata kuwashwa pamoja. Kwa vali kubwa za kurushia mawimbi hakuna mjadala: mtengenezaji huandika muda wa kungoja, ambao mara nyingi ni dakika tatu au zaidi, na asiyeutii huipoteza vali ya bei kubwa katika siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo saketi ya kuongoza huwa na kihesabu muda. Hapa ndipo mazingira yetu yanapokidai chombo zaidi ya vitabu vya ughaibuni vilivyofikiria. Umeme hukatika kwa sekunde mbili na kurudi, kisha hukatika tena. Kihesabu muda kilichoundwa vibaya hudhani hakuna kilichotokea, na volti kubwa hurudi mara moja. Kilichoundwa vyema huanza kuhesabu upya kila umeme unapokatika, hata kama ni kwa kupepesa jicho. Vilevile ni busara rilei kuu iwe ya kujishikilia yenyewe, yaani umeme ukikatika iachie, na chombo kisiwake tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Mtumiaji aliyeondoka nyumbani umeme ukiwa umekatika hatarudi kukuta ampilifaya imewaka peke yake tangu mchana.

Lipo pia suala la volti hasi ya gridi, ambayo ndiyo hatamu ya vali. Ikipotea, kwa resista moja iliyokatika au uungaji mbovu wa risasi, vali huachia mkondo wote inaoweza, anodi yake huwa nyekundu kama kaa, na ndani ya dakika chache vali, transfoma, au vyote viwili vimekwisha. Ulinzi wake ni rahisi: rilei ya volti kubwa iendeshwe na volti hasi yenyewe, ili hatamu isipokuwepo farasi asitoke zizini. Fyuzi ndogo kwenye katodi ya kila vali ya mwisho huongeza kinga nyingine kwa fedha ya soda moja. Na mtumiaji naye ana wajibu wake, ambao ni kutoiwasha ampilifaya ya vali bila spika kuunganishwa. Transfoma yake ya kutolea sauti isipopata mzigo hupandisha volti hadi cheche zikaruka ndani yake.

Umeme unaobaki baada ya kuzima

Sehemu hii tunaiomba isomwe polepole, kwa kuwa inawahusu hata wasiokusudia kukifungua chombo. Watoto hukifungua. Jirani anayejua kidogo hukifungua.

Kapasita ni ghala la umeme. Ukikizima chombo, na hata ukichomoa plagi, ghala hubaki limejaa. Kapasita moja ya mikrofaradi 100 iliyojazwa hadi volti 450 hushikilia nguvu ya jouli 10 hivi, na chombo cha vali kinaweza kuwa na kapasita kadhaa za namna hiyo. Zikipitia kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine zinaweza kumdhuru mtu vibaya, na katika mitambo yenye volti elfu mbili au tatu zinaua. Mtu hufa akitengeneza chombo ambacho hakijachomekwa popote.

Kinachohitajika ni resista ya kumwaga umeme huo, iliyofungwa daima kati ya ncha mbili za kapasita. Hesabu yake haihitaji shule ndefu. Zidisha omu za resista kwa faradi za kapasita, utapata sekunde. Resista ya omu 100,000 na kapasita ya mikrofaradi 100 hutoa sekunde 10. Baada ya muda huo mara tano, yaani sekunde 50, volti 450 zimeshuka hadi kama volti 3. Resista hiyo, chombo kikiwa kimewaka, hula wati 2 mfululizo, hivyo iwe ya wati 5 ili isichoke. Fundi anayeweka resista ya wati 2 kamili amefuata hesabu lakini hakufuata busara. Resista itafanya kazi ikiwa kwenye kikomo chake miaka yote, itakatika siku moja bila kutoa ishara, na chombo kitaendelea kuimba vizuri huku ghala lake halimwagiki tena. Kwa mitambo ya volti kubwa tunashauri resista kadhaa zenye njia mbalimbali, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Zaidi ya hapo, mfuniko uwe na swichi. Parafujo zikifunguliwa na mfuniko kuinuliwa, swichi ikate umeme unaoingia. Baadhi ya mafundi huiona swichi hiyo kero kwa kuwa huwakwamisha wakati wa kupima. Waambieni hamtalipia chombo kisicho nayo.

Jambo moja ambalo hata watu waliosoma hulikosea ni hili. Swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30 inayofungwa kwenye boksi kuu la nyumba, ni kinga bora na kila nyumba inapaswa kuwa nayo. Lakini inalinganisha tu umeme unaotoka na unaorudi katika waya za ukutani. Volti kubwa zilizo upande wa pili wa transfoma haizioni kabisa. Mtu anaweza kuungua mikononi na swichi hiyo ikabaki imesimama wima, ikiamini nyumba iko salama.

Spika na transista

Katika ampilifaya ya transista hatari ya kwanza ni ya mali zaidi kuliko ya uhai. Transista ya mwisho ikipiga shoti, umeme wa upande mmoja wa bodi, tuseme volti 35, huingia moja kwa moja kwenye spika ya omu 8. Hizo ni zaidi ya wati 150 zisizopumzika, na spika husukumwa nje na kubaki hapo, haitoi sauti, inaungua. Koili yake huanza kutoa moshi, karatasi hushika moto, na kama spika imo ndani ya boksi lenye sufi, moto huo haukawii. Saketi ya kulinda spika hutumia rilei inayofunga sekunde tatu baada ya kuwasha na kuachia papo hapo inapohisi umeme usio wa muziki. Bodi zake huuzwa tayari kwa bei ndogo kuliko spika moja yoyote inayostahili kuitwa spika. Ule mlio wa "dum" chombo kinapowashwa ni dalili ya kwamba rilei hiyo haipo.

Mwinuko, ukame, na umeme usiotulia

Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa haiko mbali na hapo. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Mtumiaji huisikia baridi na kudhani chombo chake kitapoa vizuri zaidi, lakini feni ile ile huku juu hubeba joto pungufu. Kwa volti za kawaida za sauti jambo hilo halina uzito mkubwa, ila vali kubwa inayopozwa kwa upepo ipewe feni yenye ziada, na swichi ya upepo inayozima volti kubwa feni inaposimama. Nafasi kati ya waya za volti elfu kadhaa nazo ziongezwe, maana cheche huruka kwa wepesi zaidi katika hewa nyepesi.

Waya wa ardhi wa nyumba nao hubadilika na majira. Fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini wakati wa masika, udongo ukiwa umelowa, hupima vizuri. Kuanzia Juni hadi Oktoba udongo wa Iringa hukauka na kukakamaa, na fimbo ile ile inaweza kuwa haifai kitu. Kipimo cha kuaminika ni kile cha Septemba. Kifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EWURA, si fundi redio, hata awe hodari namna gani.

Kuhusu umeme wenyewe: mwisho wa laini ndefu ya kijiji, saa mbili usiku, volti 230 zinaweza kushuka sana. Kwa volti 180, uzi wa vali wa volti 6.3 hupata 4.9 tu, nayo vali hudhoofika ikilazimishwa kufanya kazi ikiwa haijapata moto. Kwa volti 260, uzi huo hupata 7.1 na maisha yake hufupika. Asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya volti 207 na 253, ndiyo mipaka tunayoipendekeza kwa vyombo vya vali. Kifaa cha kulinda volti kinachokata nje ya mipaka hiyo na kungoja dakika chache kabla ya kurudisha umeme, kama kile cha friji, kinafaa pia kwa ampilifaya, mradi uwezo wake kwa ampea usipungue mahitaji ya chombo. Faida yake kuu huonekana siku waya wa nyutro wa mtaa unapokatika. Siku hiyo nyumba moja hupata volti ndogo na ya jirani hupata zinazokaribia 400, na kila kisicho na mlinzi huungua kwa pamoja.

Varista ya volti 275 iliyofungwa baada ya fyuzi husaidia kumeza miruko mifupi ya umeme. Haimezi radi. Katika miezi ya mvua, Rungwe na safu zote za milima hiyo hupata ngurumo alasiri baada ya alasiri, na hakuna saketi ya bei ya fundi itakayokikinga chombo dhidi ya radi iliyopiga karibu. Chomoa plagi, chomoa na waya wa antena, na uifanye kazi hiyo kabla ya ngurumo kufika juu ya paa.

Chombo kinachorusha mawimbi

Yote tuliyoyasema yanahusu kukuza sauti. Mtambo unaokuza mawimbi ya redio na kuyarusha hewani una sharti jingine linalotangulia usalama wa waya. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, matumizi ya mtambo wa kurusha mawimbi yanahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, yenye ofisi ya kanda jijini Mbeya. Wapenda redio wa ridhaa hupewa leseni na alama ya wito inayoanza na 5H, na ndani ya masharti hayo wanaweza kuunda mitambo yao.

Asiye na leseni asishawishike na fundi anayemwambia kwamba kituo kidogo cha FM cha mtaani hakimdhuru mtu. Masafa ya FM huishia megahezi 108, na kuanzia hapo hapo ndipo masafa ya usafiri wa anga yanapoanza. Mtambo wa kienyeji usio na vichujio hutapakaa nje ya masafa yake bila mwenyewe kusikia. Ndege inayoshuka Songwe katika ukungu, au Nduli, inategemea masafa hayo kuijua njia yake.

Siku ya kupokea chombo

Makubaliano yaandikwe kabla ya malipo ya awali: nguvu ya chombo, aina ya ulinzi tuliouorodhesha, muda wa dhamana, na nani atagharamia spika zikiungua ndani ya muda huo. Fundi akupe risiti, na akuachie mchoro wa saketi ndani ya sanduku, kwa kuwa siku moja fundi mwingine atakifungua. Ukubwa wa fyuzi uandikwe kwa rangi isiyofutika karibu na mahali pake.

Kisha mwombe apime mbele yako. Chombo kikiwa kimechomolewa, mita iwekwe kati ya mguu wa ardhi wa plagi na bati la sanduku: isomeke chini ya omu 1, na isibadilike waya unapotikiswa. Mara ya kwanza chombo kiwashwe kupitia balbu ya uzi ya wati 100 iliyofungwa mfululizo na umeme. Balbu za kisasa za LED hazifai kwa kipimo hiki. Balbu iwake kwa nguvu na kufifia. Ikibaki inawaka sana, ndani kuna shoti, na balbu imeiokoa transfoma. Zima, washa tena haraka, uone kama kihesabu muda kinaanza upya. Zima, ngoja dakika moja, na fundi, si wewe, apime volti zilizobaki kwenye kapasita. Fundi anayekasirishwa na maombi haya ni vyema ukamwachia chombo chake.

Sehemu zilizonunuliwa dukani zikibainika kuwa bandia, kama vile fyuzi isiyokatika au waya wenye shaba kidogo kuliko ulioandikwa, malalamiko yapelekwe Tume ya Ushindani, FCC. Na kama ni ubora chini ya kiwango, Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Volti zisizotulia za nyumbani ni suala la mtoa huduma ya umeme kwanza, na asiporidhisha, EWURA.

Chombo kikimpiga mtu kwa umeme, usimshike. Kata umeme kwenye swichi kuu ya nyumba, au kama haifikiki, kitenganishe chombo naye kwa mti mkavu, kisha afikishwe hospitali hata kama anasema hajambo, kwa kuwa madhara ya moyo hujitokeza baadaye. Baada ya hapo chombo kisirudishwe kwa fundi, kisifunguliwe, wala fyuzi yake isibadilishwe, mpaka malalamiko yako yamepokelewa na kuandikwa. Waya uliolegea ukishakazwa hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba ulikuwa umelegea.